Mifululizo ya fantasia ya vijana kuhusu dunia iliyovunjika: upi ununue kwanza ukiwa Goma

Ukinunua kitabu kimoja na hukukipenda, hasara yako ni ndogo: unampa mwenzako, yamekwisha. Mfululizo ni jambo lingine. Juzuu ya kwanza inakuvuta kwenye ya pili, ya pili inakuvuta kwenye ya tatu, na hapo ndipo wasomaji wengi wa Goma wanapokwama. Ya tatu haipo kwa wauza vitabu vya mitumba wa mtaa wa Birere, haipo Himbi, na ndugu aliyeahidi kuileta kutoka Kigali bado hajarudi. Ndiyo maana hapa sitapanga vitabu kwa umaarufu wa sinema zake. Napanga kwa mambo mawili: waliousoma mfululizo hapa mjini wanasema nini wakifunga ukurasa wa mwisho, na kama unaweza kuupata wote bila kuharibu bajeti ya nyumba.

Ninaowasikiliza ni wanafunzi wa sekondari na wa mwaka wa kwanza wa chuo wanaoazimana vitabu, pamoja na walimu na wazazi wachache wanaosoma nao. Wote wanasoma Kifaransa, kwa hiyo matoleo ninayoyataja ni ya Kifaransa.

Na wasomaji hawa ni wakali. Aliyekuwa na umri wa kukumbuka tarehe 17 Januari 2002 aliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji. Wadogo zake walikimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kisha wakaamriwa kuondoka tena tarehe 27, wengine wakaelekea Sake, wengine Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mtu kama huyo akifika kwenye sura ambapo mji unakimbia, hasomi kwa mshangao. Anaikagua. Nani amebeba maji? Nani amebaki na bibi asiyeweza kutembea? Mtoto aliyepotea njiani anatafutwa vipi? Mwandishi akisahau hayo, wanamwambia wazi kwamba hajui anachosimulia.

1. Autre-Monde, wa Maxime Chattam

Huu ndio ninaouweka juu, na sioni unaoukaribia kwa msomaji wa miaka 12 hadi 16. Mwandishi ni Mfaransa, ingawa hadithi inaanzia New York. Karibu na Noeli, dhoruba yenye umeme wa buluu inaupiga mji. Kukipambazuka, watu wazima wengi wametoweka. Waliobaki wamegeuka ama mazimwi yasiyo na akili, ama watu waliopoteza kumbukumbu wanaowawinda watoto. Miti imeumeza mji. Matt, Tobias na Ambre wanajikuta na wenzao kwenye kisiwa chenye majumba makubwa ya zamani, na kila mtoto anaanza kupata uwezo mpya unaotokana na mambo aliyozoea kufanya.

Uwezo huo wa ajabu ndio unaowavutia wa miaka 12. Wakubwa kidogo wanavutwa na jinsi watoto wanavyojipanga: zamu za ulinzi, baraza, mgawo wa kazi, ugomvi kuhusu nani atoe amri. Kuna vijana wanaotembea kutoka jamii moja hadi nyingine wakibeba habari, maana simu hazipo tena, na hao ndio wanaopendwa kuliko mashujaa wenyewe. Msichana mmoja wa Majengo aliniambia kwamba sura za kisiwani zimempa kitu ambacho vitabu vingine havimpi: watoto wasiosubiri kuokolewa. Mwalimu wake alipinga palepale. Kwa nini watu wazima wote wawe adui? Yeye mwaka wa 2021 alitembea usiku na watoto wa jirani hadi Sake, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Mjadala huo ulichukua jioni nzima, na kitabu kinachozua mjadala wa namna hiyo kinastahili bei yake.

Lawama zipo, tena za kweli. Maadui wa mwanzo ni wabaya mno bila sababu ya kutosha, na baadhi ya mapigano yanarefushwa. Juzuu ni nene, na anayesoma polepole atachoka kwenye ya pili.

Sasa upande wa kununua. Mfululizo mzima una juzuu 7, ya kwanza ya mwaka 2008 na ya mwisho ya 2016. Usizinunue zote. Tatu za kwanza (L'Alliance des Trois, Malronce na Le Cœur de la Terre) ni duru iliyokamilika, ina mwisho wake, na msomaji anaweza kuishia hapo bila kuhisi ameibiwa. Hakikisha umezipata hizo tatu kabla ya kutoa hata faranga moja. Nne zinazobaki ni za mtu ambaye tayari amependa. Chukua toleo la mfukoni, lina bei nafuu kuliko lile kubwa, ila gundi ya mgongo haivumilii mikono mingi: lifunike kwa nailoni siku hiyohiyo, na umkataze kila unayemwazima kulikunja hadi majalada yagusane.

2. U4, wa waandishi wanne

Ulitoka mwaka 2015, na namna ulivyotungwa ndiyo inayouleta hadi nafasi ya pili. Yves Grevet, Florence Hinckel, Carole Trébor na Vincent Villeminot waliandika kila mmoja kitabu chake kuhusu maangamizi yaleyale. Kirusi kimeua zaidi ya watu tisa katika kila kumi, na karibu wote waliopona ni vijana wa miaka 15 hadi 18. Wanne kati yao, waliokuwa wakicheza mchezo mmoja wa kompyuta, wana miadi Paris tarehe 24 Desemba, chini ya saa ya zamani kuliko zote mjini humo. Vitabu vinaitwa kwa majina yao: Koridwen, Yannis, Jules na Stéphane. Unaanza na unachotaka.

Kwa mnunuzi wa hapa, hiyo ni nafuu kubwa. Marafiki wanne wananunua kila mmoja kimoja, wanabadilishana, na hakuna anayekwama kwa sababu juzuu ya pili haikupatikana. Hata ukipata kimoja tu Birere, umepata hadithi kamili. Na wanapokutana kuzungumza, kila mmoja ameona jambo ambalo mwenzake hakuliona, kwa kuwa tukio moja linasimuliwa na macho tofauti.

Ukaguzi wa Goma? Umefaulu, kwa sehemu kubwa. Mji huu ulipata mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola Julai 2019, na vijana wanakumbuka ndoo za maji ya klorini mlangoni mwa kila duka na kipimajoto kwenye paji la uso kila unapovuka kizuizi. Wanasema woga wa kumgusa mtu unayempenda umeandikwa kwa ukweli. Wanacholalamikia ni kwamba fantasia yenyewe ni kidogo, inachungulia tu kwenye habari ya kurudi nyuma katika wakati. Anayetafuta uchawi asianzie hapa. Na kwa kuwa maiti ni nyingi na kuna ukatili, nisingempa mtoto chini ya miaka 14.

3. La Passe-miroir, wa Christelle Dabos

Kwa lugha, huu unaishinda yote niliyoitaja. Kama ningekuwa napanga kwa uzuri wa sentensi peke yake, ungekuwa wa kwanza bila ubishi. Dunia imepasuka zamani sana, na vipande vyake vinaelea angani, kila kimoja na ukoo wake na kipaji chake. Ophélie ana kipawa cha kusoma historia ya kitu kwa kukigusa, kwa hiyo huvaa glavu asije akasoma maisha ya watu bila ruhusa, na anaweza kupita ndani ya kioo na kutokea kwenye kioo kingine. Skafu yake ina uhai na tabia zake. Kisha anaambiwa ataolewa na Thorn, mtu asiyemjua, wa kipande cha mbali chenye baridi kali na watu wenye hila.

Hapo wasichana wa Goma hawana la kuuliza. Posa iliyopangwa na wakubwa, binti ambaye hakuulizwa, familia ya mume inayompima kwa macho tangu mlangoni: hawahitaji maelezo. Kuna mama aliyeusoma baada ya binti yake, wakakaa kuzungumza juu ya mahari kwa namna ambayo hawakuwahi kuzungumza.

Kwa nini basi ni wa tatu? Kwa sababu mwanzo ni wa polepole na wengi wanauacha kabla ya ukurasa wa mia. Kwa sababu juzuu ni 4 (kuanzia 2013 hadi 2019), na hakuna hata moja unayoweza kuishia kwa amani kabla ya ile ya nne. Na kwa sababu ya nne yenyewe, La Tempête des échos, imewagawa wasomaji kweli kweli: wengine wanaitetea kwa machozi, wengine wanasema maelezo yamekuwa fumbo juu ya fumbo. Mimi niko na wanaoitetea, lakini nakubali inadai usikivu ambao si kila kijana anao wiki anayojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nunua kama una uhakika wa zote nne, na kama msomaji wako anapenda kusoma taratibu.

4. Mortal Engines, wa Philip Reeve

Juzuu 4, ya kwanza ya mwaka 2001. Baada ya vita vilivyodumu dakika 60, miji imewekwa magurudumu na mikubwa inaila midogo ili kupata chuma na mafuta. Kitabu kinafunguka London ikiukimbiza mji mdogo wa wachimba madini. Kijana mmoja ambaye mjomba wake anachimba madini Rubaya alisoma ukurasa huo akanirudishia kitabu kwanza, akasema anahitaji muda. Wiki iliyofuata alikiomba tena na akakimaliza. Hester Shaw, shujaa mwenye uso wenye kovu ambaye mwandishi hamfanyi mrembo hata mara moja, anaheshimiwa sana na wasomaji wetu.

Juzuu ya kwanza inajitosheleza, na hilo ni zuri kwa mfuko. Ila jihadhari na jambo moja: kwa Kifaransa kitabu hichohicho kilitoka kwanza kwa jina Mécaniques fatales, na baadaye kwa jina Mortal Engines, karibu na sinema ya 2018. Muuzaji anaweza kukuuzia vyote viwili kama juzuu ya kwanza na ya pili bila yeye mwenyewe kujua. Fungua, linganisha sentensi ya kwanza.

Inayojulikana zaidi

Hunger Games ya Suzanne Collins (2008 hadi 2010) ndiyo rahisi kuipata kuliko yote, na imeandikwa kwa nguvu. Haina fantasia, ndiyo sababu nimeiweka nje ya mpangilio. Hata walioona sinema wasome juzuu ya kwanza, hasa sehemu ya chakula: mtoto maskini anaweza kuchukua mgawo wa nafaka na mafuta kwa kukubali jina lake liingizwe mara nyingi zaidi kwenye bahati nasibu ya kifo. Wasomaji waliokulia kambini wanasimama hapo muda mrefu.

Divergente ya Veronica Roth (2011 hadi 2013) siipendekezi kununuliwa kwa fedha za nyumbani. Inaanza vizuri, inalegea, na mwisho wake umewakasirisha wengi wanaoniambia bora wangeazima.

Kabla hujalipa

Kwenye mtumba, pekua kurasa zote hadi mwisho, maana kurasa za mwisho ndizo zinazong'oka kwanza. Soma nambari ya juzuu mgongoni, usiamini picha ya jalada. Fotokopi zilizofungwa kwa stepla ukatae: maandishi ya ukingoni yamekatwa, na mwandishi hapati chochote. Faili za PDF zinazozunguka WhatsApp zina tatizo hilohilo. Ukiagiza kupitia Gisenyi, agiza juzuu zote kwa mara moja na kwa mtu mmoja, hata kama itabidi usubiri hadi fedha zitimie. Bei ya kila juzuu inapungua ukichanga na wenzako, na hapabaki pengo katikati.

Na kimoja cha wakubwa

Wanaoniuliza kuhusu mwandishi mwenye asili ya Afrika nawaelekeza kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na Qui a peur de la mort ?, kilichopata tuzo ya World Fantasy mwaka 2011. Ni Sudan ya wakati ujao, baada ya maangamizi, jangwa lenye mabaki ya kompyuta na uchawi mzito. Ni kitabu bora sana, labda bora kuliko vyote hapa. Lakini hakikuandikwa kwa vijana. Shujaa wake amezaliwa kutokana na ubakaji wa vita, na tukio hilo linaelezwa bila pazia. Katika mji wetu usimpe mtu zawadi ya kitabu hiki kwa kushtukiza. Mwambie kwanza kilicho ndani, mwache aamue mwenyewe, na kama ni chini ya miaka 18, kisome wewe kwanza.