Mizani ya jikoni ya elfu ishirini, baada ya miezi minane

Napika keki za oda nyumbani, Tabata. Unga nilikuwa naupima kwa kipimo cha plastiki, lakini matunda sikutaka yakichafue, basi ndizi na maembe yakawa yanapimwa kwa kikombe changu cha chai, kile cha bluu. Mapishi yanasema kikombe, mimi ninacho kikombe, tatizo nini? Tatizo likawa keki ya ndizi ya mteja: juu imeiva vizuri, kisu ukikichomeka katikati kinatoka na uji.

Nikaenda Kariakoo nikanunua mizani ya kidijitali. Inabeba hadi kilo 5 na inasoma gramu moja moja. Kitu cha kwanza nilichopima hata si tunda. Niliweka kikombe kile kitupu, nikabonyeza TARE namba zirudi sifuri, nikajaza maji mpaka ukingoni. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo jibu unalisoma hapo hapo: 290. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 237. Jamani! Nikiambiwa vikombe viwili vya ndizi, nilikuwa natia karibu viwili na nusu.

Nikataka mkato, nikatafuta kikokotoo mtandaoni cha kugeuza vikombe kuwa gramu. Nikaandika ndizi, kikombe kimoja, kikanipa gramu 150. Safari hii keki ikatoka kavu, inakwama kooni. Kumbe 150 ni ya ndizi iliyokatwa vipande, yenye nafasi za hewa katikati. Ikishapondwa, kikombe kile kile kinabeba kama 225. Kikokotoo hakikuniuliza nimekata au nimeponda, na hapo ndipo nilipoachana nacho.

Siku hizi napima mwenyewe mara moja, naandika kwa kalamu pembeni ya pishi. Embe dodo kwa kipimo cha Kimarekani: vipande vikubwa vilinipa 152, nilipokatakata vidogo ikafika 174. Embe ni lile lile, mkono ni ule ule. Na mapishi yakisema "ndizi tatu", msitie kisukari tatu. Ndizi ya wastani ya kwao ikimenywa ina kama gramu 118, zangu za kisukari zilikuwa na 45 hivi kila moja. Nilitia nane.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Chini ya gramu 3 haishtuki kabisa, kwa hiyo bekingi pauda bado ni kijiko. Bakuli kubwa linafunika kioo, inabidi uiname kama unatafuta sindano chini ya kochi. Kinachoniudhi zaidi ni kujizima. Unamenya nanasi, unatia kidogo kidogo, unageuka kuosha kisu, ukirudi imezima, na ukiiwasha inaanza sifuri huku bakuli limejaa nusu. Dawa yangu: napima bakuli tupu kwanza na kuandika uzito wake, hivyo hata ikizima naliondoa bakuli, naiwasha, nalirudisha, na najua cha kutoa.

Betri mbili ndogo zilizokuja nayo zilikufa ndani ya mwezi, nilizonunua dukani zinaendelea mpaka leo. Naipa nyota nne. Kikombe cha bluu kimerudi kwenye chai.