Fundi aliyeufumua mchanga wangu

Nilitaka kuwawekea watu wa huduma ya usafi wa matangi nyota moja nikalale. Nimepoa kidogo, nimeona bora nieleze, maana hata hiyo moja inaniuma.

Nina tangi la samaki la maji ya chumvi la miaka kadhaa. Mchanga wake ni wa aragonaiti, yaani madini ya chokaa, laini, na nimeulaza kwa kina cha sentimita 12 makusudi. Si urembo. Kule chini oksijeni haifiki, na bakteria wanaoishi humo huigeuza naitreti, ile taka inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa gesi ya naitrojeni, ikajiendea zake hewani. Mchanga wa namna hiyo ukishakomaa haufukuliwi. Unaufyonza juujuu tu, basi. Yaliyobaki waachie konokono wanaojizika humo, na kwangu alikuwepo pia jongoo bahari mmoja, alikuwa anapita taratibu kama mzee asiye na deni na mtu.

Sasa mambo yakanibana. Wiki zikapita sijabadilisha maji, utando mwekundu ukaanza kutambaa juu ya mchanga. Nikawaita hao watu wa usafi. Akaja kijana na mpira wa kufyonzea. Salamu nzuri, viatu kavua mlangoni, nikajisemea huyu ana adabu. Nikamwambia: "Kaka, vioo fanya utakavyo, huo utando uvute, ila mchanga usiuzamie. Ni wa kina huo." Akacheka. Kile kicheko cha mtu aliyeshaamua kwamba hujui kitu. "Dada, matangi niliyoosha mimi huwezi kuyahesabu. Niachie kazi."

Nikamwachia. Nikaingia jikoni, sidhani kama dakika tano ziliisha. Harufu ndiyo iliyoniita: yai viza. Natoka mbio, namkuta mkono umezama mpaka kwapani, mpira umegota kioo cha chini, na maji ya kijivu hata matumbawe siyaoni. Mchanga unaofumuka ni mweusi kama masizi, vipovu vinapanda. Nikapiga ukelele. Na yeye, bila hata kutoa mkono: "Si unaona uchafu uliokuwa unaufuga?"

Ndiyo, nilikuwa naufuga! Weusi ule ni salfaidi, misombo ya salfa, ukitulia huko chini hauna ugomvi na mtu. Ukiufumua wote kwa mpigo, gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye ile harufu ya yai viza, inaingia kwenye maji. Ni sumu, na hapohapo inakula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Haya ningemweleza kama angenipa nafasi. Alikuwa anakunja mpira wake.

Usiku nilikesha. Nilibadilisha maji kwa akiba yote niliyokuwa nayo, nikaweka kaboni ya kuchujia, nikaongeza pampu ya hewa. Kipimo cha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ambacho nimezoea kukiona njano, yaani salama, miaka yote, kikawa kijani. Kulipokucha, samaki wawili wamelala ubavu na kamba hajulikani alipo. Jongoo bahari alikuwa ametapika utumbo wake, ndivyo wanavyofanya wakizidiwa. Ikabidi nimtoe upesi, maana akifia mle anaweza kuachia sumu ikamaliza na waliobaki. Nilimshika kwa mikono miwili. Alikuwa mlaini kama soksi iliyolowa.

Lakini nisimwonee. Vioo viling'aa, sijawahi kuviona hivyo. Pampu ya mawimbi iliyokuwa inakwaruza tangu zamani aliifungua, akatoa konokono aliyekwama, mie nilishaishindwa. Mwenye mchanga mwembamba, wa sentimita 3 hivi, unaofyonzwa sehemu moja leo na nyingine wakati mwingine, huenda akamfurahia sana. Na uzembe wa kutobadilisha maji ulikuwa wangu. Na jikoni nilienda mwenyewe. Kusema kweli nilishaanza kufikiria nyota tatu, kijana bado anajifunza.

Ndipo nikapiga simu ofisini kwao. Dada aliyepokea akanisomea ripoti ya fundi: tangi lilikutwa katika hali mbaya, mteja alielekezwa. Mteja alielekezwa! Nikauliza alielekezwa na nani, akanijibu, "Dada yangu, samaki nao hufa." Kabla sijapata la kusema simu ikakatwa, na baadaye ikaingia ankara. Kuna malipo ya usafi, hayo nilikubali. Chini yake kuna kazi ya ziada: kutoa mchanga mchafu, ndoo 1.

Yaani mchanga wangu uliokomaa, pamoja na bakteria niliowalea miaka yote hiyo, wameubeba, wakanidai na pesa ya kuubeba. Nyota tatu nimezifuta. Moja naiacha kwa ajili ya ile pampu, na ndoo waliyoubebea ni yangu, ile ya bluu. Irudishwe.