Mifarishi ya Maua ya Vipande Mjini Moshi: Ufundi Mzuri, Ila Ulizia Rangi

Karakana ninayoizungumzia ni chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, upande wa soko la Mbuyuni, na kinachowapeleka wateja huko ni mifarishi ya maua iliyoungwa kwa vipande vyembamba vya vitenge na khanga vinavyobaki baada ya kushona nguo. Maua mengi yanafuata mtindo wa Dresden Plate, yaani petali zilizopangwa kuzunguka duara kama sahani, uliopendwa sana Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, wakati ambapo hata mifuko ya unga ya kitambaa haikutupwa.

Sifa kubwa ya mafundi hawa ni uvumilivu wao katika petali. Kila moja huanza na kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, kama msingi. Vipande vya rangi hulazwa juu yake uso kwa uso, hushonwa, hufunuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuongeza kingine, na petali yenyewe hukatwa mwisho kabisa kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Kwa kuwa masalio hayo hayakukatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, bila msingi yangevutika na ua lingekunjamana. Langu limelala sawasawa, hata pale petali 20 zinapokutana chini ya duara la katikati, mahali ambapo kazi ya haraka huacha uvimbe. Petali moja imebeba nusu ya jina la khanga, na wageni wangu hawajakubaliana bado ni methali ipi.

Kwa kitanda cha futi tano kwa sita nililipa shilingi 180,000, bei ambayo naiona halali kwa kazi ya namna hiyo. Katikati wametia blanketi jembamba, ambalo linatosha kwa baridi ya Julai, ingawa mfarishi ukilowa ni mzito mno kwa mtu mmoja kuukamua.

Kasoro iko kwenye rangi. Kitenge chekundu kilichuja katika ufuaji wa kwanza na kuitia uwekundu sehemu nyeupe iliyo jirani. Mafundi walikubali kubadilisha petali zilizoharibika bila malipo, lakini sehemu nyeupe haikurudi ilivyokuwa. Anayeagiza asisitize kwamba vitambaa vyekundu na vya buluu iliyokoza vifuliwe hadi maji yatoke safi kabla mkasi haujavigusa, na aombe kuonyeshwa.