Kununua bluzi kwa mara ya kwanza: albamu sita na mpangilio wa kuanza

Anayeanza kununua rekodi za bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi, huambiwa aanze na Robert Johnson. Anasikiliza nyimbo nne, anazima, na harudi tena. Kosa si la Johnson. Rekodi zake ni za 1936 na 1937, mtu mmoja na gitaa lake, kila wimbo kama dakika tatu, na sikio lisilozoea halitofautishi wimbo huu na ule. Mpangilio wa hapa unafuata kigezo kimoja tu: albamu ipi itakufanya utamani ya pili. Kwa kigezo hicho Johnson anashika namba sita.

Namba moja ni The Best of Muddy Waters, iliyotolewa na lebo ya Chess mwaka 1958. Ina nyimbo 12 zilizorekodiwa Chicago kati ya 1948 na 1954. Muddy alihamia huko mwaka 1943 akitoka mashamba ya pamba ya Mississippi, na ukiipanga albamu kwa miaka utasikia bendi ikizaliwa. Anza na I Can't Be Satisfied ya 1948: gitaa la umeme na besi ya kusimama, basi. Fuata na Rollin' Stone ya 1950, ambapo yuko peke yake na amplifaya. Kisha rukia Hoochie Coochie Man ya 1954: piano ya Otis Spann, ngoma, na kinanda cha mdomo cha Little Walter kikijibizana na sauti. Baada ya nyimbo hizo tatu umeshaielewa nusu ya bluzi ya Chicago.

Mtego upo kwenye jina. Mikusanyo yenye majina ya kufanana na hili ni mingi, na baadhi ina nyimbo alizozirudia miaka ya baadaye na bendi nyingine. Hesabu nyimbo, kisha angalia miaka ya kurekodi. Wala usianze na Electric Mud ya 1968. Ina wapenzi wake, lakini hapo Muddy alivishwa magitaa ya roki ya wakati ule, na haikufundishi chochote kuhusu mtu mwenyewe.

Namba mbili, Live at the Regal ya B.B. King. Ilirekodiwa jukwaani Chicago tarehe 21 Novemba 1964 na inachukua kama dakika 35. Kwa msikilizaji aliyekulia muziki wa dansi ndiyo rahisi kuliko zote: kuna tarumbeta na saksafoni, na kuna ukumbi unaopiga kelele kila gitaa linapoingia. King hapigi gitaa akiwa anaimba. Anaimba mstari, kisha gitaa linajibu, na ukishalisikia hilo utalifuata kwenye albamu zote nyingine. (Ndiye huyu aliyepanda jukwaani Kinshasa Septemba 1974, kwenye tamasha lililotangulia pambano la Ali na Foreman.) Isikilize yote mfululizo, kwani ukiiruhusu simu ichanganye mpangilio, shangwe zitakatikakatika na utapoteza nusu ya ulicholipia.

Namba tatu ni albamu mbili za Howlin' Wolf, ninazozihesabu kama moja: Moanin' in the Moonlight ya 1959 na ile inayoitwa Howlin' Wolf tu, ya 1962, yenye picha ya kiti cha kubembea kwenye jalada. Tafuta CD iliyoziweka zote mbili pamoja, nyimbo 24 kwa bei ya diski moja. Katika orodha hii hakuna mahali fedha yako inafika mbali zaidi. Rekodi za zamani kabisa humo ni za Memphis 1951 na sauti yake imechubuka. Usimlaumu aliyesafisha rekodi: koo la Wolf lenyewe ndivyo lilivyokuwa.

Namba nne, Hoodoo Man Blues ya Junior Wells, lebo ya Delmark, 1965. Watu wanne tu: Wells akiimba na kupuliza kinanda cha mdomo, Buddy Guy gitaa, Jack Myers besi, Billy Warren ngoma. Kwenye baadhi ya nyimbo utasikia gitaa likizungukazunguka na kutetemeka. Usirudishe diski ukidhani ni mbovu. Amplifaya ya Guy iliharibika studioni, wakaliunganisha gitaa lake kwenye spika inayozunguka ya ogani ya Hammond. Nakala za mwanzo zimemwandika Guy kwa jina la kubuni, Friendly Chap, kwa sababu za mkataba. Ukiliona jina hilo, albamu ni ileile.

Namba tano ingeweza kuwa namba moja kwa baadhi ya wasomaji. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, Memphis na New York, na CD iitwayo Avalon Blues imekusanya nyimbo zake 13 za mwaka huo. Anaimba kwa upole, karibu kama anaongea, huku kidole gumba kikitembeza besi na vidole vingine vikipiga wimbo wenyewe juu yake. Kama umekulia gitaa kavu la Katanga, hasa la Mwenda Jean Bosco ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, mikono ya Hurt haitakuwa migeni kwako. Mtu wa namna hiyo aanzie hapa, kisha apande kwenda kwa Muddy.

Namba sita sasa, Johnson. Nunua King of the Delta Blues Singers ya 1961, nyimbo 16, usikimbilie The Complete Recordings ya 1990. Hii ya 1990 ina rekodi 41 za nyimbo 29, na wimbo uliorekodiwa mara mbili umewekwa mara mbili mfululizo. Kwa mtafiti ni hazina. Kwa mgeni ni adhabu. Mtandaoni kuna pia matoleo yaliyopunguzwa kasi, kwa madai kwamba za asili zinakwenda mbio kupita kiasi. Johnson alirekodi siku tano, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937. Dai hilo lingetaka kosa lilelile litokee katika miji miwili, miezi saba mbali. Usilipie.

Bessie Smith, mwimbaji mkubwa wa bluzi wa miaka ya 1920, hayumo kwenye sita, na sababu ni ya kiufundi: alianza kurekodi mwaka 1923, wakati waimbaji wakiimba mbele ya pembe la kunasia sauti, bila maikrofoni. Ukitaka kumnunua, chagua mkusanyo unaoanzia katikati ya 1925, Columbia ilipokuwa imeshahamia maikrofoni za umeme. Tofauti utaisikia kwenye neno la kwanza.

Kabla ya kulipa, geuza jalada. Toleo la kuaminika linataja mwaka, mji na wapigaji wa kila wimbo. Palipoandikwa "re-recorded", nyimbo zimerudiwa miaka ya baadaye. Palipoandikwa "electronically reprocessed for stereo", rekodi ya mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili) imegawanywa kwa hila na ngoma zimekuwa hafifu. Tafuta ileile iliyoandikwa mono. Mono ina faida nyingine ndogo: watu wawili wakigawana spika za masikioni, hakuna anayepunjwa.

Maboksi ya bei ya kutupa yenye nyimbo 100 na zaidi ni ya kuangalia kwa makini. Huko Ulaya, rekodi za kabla ya 1963 ziliishiwa haki, hivyo yeyote anaweza kuzichapisha hata kwa kunakili CD ya mwenzake. Tatizo kubwa ni usafishaji. Mikwaruzo ya sahani za zamani iko kwenye sauti za juu, palepale ulipo mlio wa nyuzi na herufi kama s na t. Ukiifuta yote unafuta na hizo, na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Jaribu sekunde 30 kwa spika za masikioni. Spika ya simu haiwezi kutoa besi, itakudanganya. Lebo ya JSP ya Uingereza ina maboksi nafuu yaliyosafishwa kwa uangalifu, na Smithsonian Folkways huuza mafaili pamoja na kijitabu.

Kuhusu umbo: CD iliyotumika ndiyo nafuu. Faili la MP3 la kilobiti 320 linakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo Live at the Regal ni kama MB 84 za bando. Santuri mpya ni nzuri ila ni ghali kusafirisha, na kwenye joto la pwani hupinda. Isimamishe wima, usiilaze, usiiache garini. Sahani za 78 za asili (za kale, zinazozunguka mara 78 kwa dakika) waachie wakusanyaji. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano nene ya kama maikroni 75. Sindano ya LP, yaani ya santuri za kawaida, inazama hadi chini, inaleta kelele tupu.

Ukishazimaliza sita, nenda kwa Charley Patton, mwimbaji na mpiga gitaa wa Mississippi aliyemtangulia Johnson, kwenye boksi la JSP. Kelele zitakuwepo. Alirekodiwa zaidi na Paramount, tawi la kampuni ya samani ya Wisconsin iliyochapa sahani za malighafi hafifu na haikutunza mastari zake (rekodi mama), kwa hiyo kilichobaki ni sahani zilizochakaa majumbani mwa watu. Ongeza sauti kidogo, usiguse kitufe cha trebo (sauti za juu).