Baa ya Changanyikeni isiyokubali "kama tulivyo"

Mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa, wa darasa la watu 41 chuoni, mwaka wa mwisho. Kazi za CR zinajulikana: kusambaza madesa, kumbembeleza mwalimu asogeze testi, kugawa watu kwenye magrupu na kutukanwa kwa ugawaji huo. Kuna moja haijaandikwa popote, nayo ni kutafuta pa kwenda jioni ya pepa ya mwisho. Muhula huu nilitafuta wiki mbili. Niliyoipata nataka niieleze vizuri, maana najua muhula ujao kuna CR mwingine atahangaika kama mimi.

Iko Changanyikeni, Dar es Salaam. Ukiacha lami unashuka na barabara ya vumbi mpaka kwenye mwembe mkubwa. Nusu ya meza ziko chini ya huo mwembe, nusu chini ya bati. Kibao kipo, ila maandishi yamepauka, imebaki picha ya chupa tu. Mwambie bodaboda "pale kwa mama, kwenye mwembe", atakufikisha.

Kwa nini nilitafuta wiki mbili? Kwa sababu ya mwaka jana. Tulienda kwingine, sipataji. Tulichangishana 15,000 kila kichwa, hela zote zikakaa kwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ndiye aliyekuwa anaagiza. Kila mhudumu akipita, jamaa anazungusha kidole hewani: "Kama tulivyo!" Mliowahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo mnajua kinachofuata. Zinakuja chupa kumi na tano kwa mkupuo, zinafunguliwa zote papo hapo zisirudishike, na wewe ambaye ya kwanza hujaifikisha nusu umeshapangiwa ya pili na ya tatu. Zinasimama mbele yako zinapata moto. Mezani wanakucheka. Halafu kuna ile hesabu ya kimaskini tunayoifanya kimoyomoyo: nimetoa elfu kumi na tano, nikiondoka na bia mbili nimeibiwa. Basi mtu anakunywa mchango wake.

Usiku ule mwenzetu mmoja alizima kabla ya saa nne. Wahudumu walichofanya ni kumbeba mpaka nje, wakasimamisha bajaji, wakamsukumiza ndani peke yake. Sisi tulikuwa tunacheza muziki, na hilo silisingizii baa, ni letu. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi alimkuta nje ya geti la hosteli, kiatu kimoja, simu hakuna. Alikuwa amelala kifudifudi, na alikuwa ametapika. Tulicheka wiki nzima. Mimi niliacha kucheka siku niliposoma kwamba mtu aliyelewa akitapika usingizini anaweza kupaliwa na matapishi yake na asiamke.

Sasa twende kwa mama.

Nilienda mara ya kwanza mchana, peke yangu, kukagua. Nikamkuta anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza: tuko kama ishirini na sita, wanafunzi, Ijumaa jioni. Hakuniuliza tutakunywa nini. Aliuliza, "Marahaba mwanangu. Mtakuja mmekula?" Nikasema mtihani unaisha saa nane, wengi hawatakuwa wamekula. "Basi jiko litaanza kabla ya kaunta. Mkitaka kaunta ianze, tafuteni pengine." Nilidhani ni biashara ya chipsi tu. Ijumaa ilipofika, kweli, mpaka saa kumi na mbili hakuna aliyeuziwa bia. Tulikula. Chipsi kavu 2,500, mishkaki 500, ndizi choma na kachumbari ya kutosha. Pilipili yake ni ya kusaga na ndimu, na ni kali sawasawa.

Kisha akaja dada wa kaunta na daftari. Hapa ndipo penye utamu wa sehemu hii. Ni kaunta buku ya kawaida yenye mistari, jalada limefungwa na selotepu. Kila mtu anaandikwa jina lake kwenye mstari wake, na anachoagiza kinaandikwa mbele ya jina. Hakuna bili ya meza. Jamaa yetu wa mwaka jana akainua kidole, akakizungusha kwa mazoea: "Dada, kama tulivyo." Dada akamtazama tu. "Kaka, hapa kila mtu ana mdomo wake." Akaanza kuuliza mmoja mmoja, kutoka kona ya kushoto, wewe unatumia nini, moto au baridi, wewe je. Meza nzima ilicheka, lakini nilihesabu: watu tisa walisema maji au soda au malti. Tisa kati ya ishirini na sita! Wanne ni kwa dini zao, mmoja anatumia dawa, waliobaki hawapendi tu. Nimesoma na hawa watu miaka mitatu na kila sherehe nimewaona wameshika chupa. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Chupa haifunguliwi mpaka ya kwanza iishe. Kizibo unaachiwa mbele yako, hakitupwi. Mwishoni dada analinganisha vizibo na daftari ili msizozane, ila kwangu mimi vile vizibo vilifanya kazi nyingine. Nilipoviona viwili vya bia vimejipanga pembeni ya sahani nilijua mwenyewe kwamba hapa nimefika, bila kuambiwa na mtu. Jagi la maji linakaa mezani bure na linajazwa bila kuombwa. Nimekunywa baa nyingi za mji huu, maji ya bure nimeyaona hapo tu.

Konyagi haiuzwi kwa chupa kwenye meza ya wanafunzi. Inapimwa kwa toti, kile kikombe kidogo cha bati, na hilo lilileta maneno. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba chupa ndogo ni "kitu kidogo tu", nani hawezi. Basi jirani yake, mtu wa hesabu, akachukua tishu na kalamu. Konyagi ni asilimia 35. Chupa ndogo ni mililita 200, kwa hiyo ndani kuna mililita 70 za kilevi chenyewe, karibu gramu 55. Bia ya Safari ya nusu lita ni asilimia 5.5, inabeba kama gramu 22. Maana yake ile chupa inayoingia mfuko wa suruali ni Safari mbili na nusu, na watu huwa wanaimaliza kwa dakika ishirini, wamechanganya na soda wasisikie ukali. Na kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10, kwa hiyo hata Safari moja tu umeshakunywa viwili. Ini linasafisha kama kipimo kimoja kwa saa na halina haraka. Kahawa na maji ya kuoga hayalisukumi. Ile tishu nimeipiga picha, iko kwenye grupu la darasa mpaka leo.

Nilimuuliza mama kwa nini anajisumbua, maana chupa ina faida zaidi ya toti. Akaniambia aliwahi kuuza viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki. Anakumbuka mpaka tarehe serikali ilipovipiga marufuku, 1 Machi 2017, kwa sababu alikuwa na maboksi mawili ndani na hasara ikawa yake. "Nilikasirika. Lakini mwanangu, mtoto alikuwa ananunua vitatu hapa asubuhi, kimoja anameza amesimama, viwili vinaingia naye darasani. Na mimi namrudishia chenji." Hakuongeza neno, akarudi jikoni.

Kwa mkopo hauzi, na harehani simu wala kitambulisho cha chuo. Hii inaonekana ndogo ila si ndogo. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, tunaijua. Posho ni 10,000 kwa siku, lakini inaingia ya siku nyingi kwa mkupuo, na ukiiona yote kwenye simu unajiona tajiri wa Kariakoo. Kuna baa zinazojua tarehe ya bumu kuliko wanafunzi wenyewe, zinakukopesha wiki mbili kabla. Nina rafiki alimaliza muhula mzima simu yake ikiwa droo ya kaunta, anaiomba kwa saa moja afanye kwizi ya mtandaoni, anairudisha.

Saa tatu na nusu akaja kijana tusiyemjua, yuko na wenzake wawili, tayari amelewa chakari kutoka wanakojua wao. Nilitaka kuona hapa wanafanyaje. Kaunta ilimkatalia bia, ila hawakumfukuza. Walimlaza kwenye benchi la nyuma, ubavu, goti moja limekunjwa mbele, sweta chini ya shavu. Mmoja wa wenzake alishaleta ndoo ya maji ya baridi. Mama akaishika ile ndoo akaiweka chini. Akamwambia yule aliyeileta, "Wewe kaa hapa. Ukiona hapumui vizuri, au amekuwa wa baridi, au ukimwita haitiki, unaniita mimi na tunaenda hospitali. Huendi kucheza." Yule wa ndoo alikaa, saa nzima, anamtazama mwenzake anavyokoroma. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyepewa adhabu ya shule ya msingi.

Kurudi hosteli kuna kijiwe cha bodaboda jirani. Dada anaandika namba ya pikipiki kwenye daftari lilelile, mbele ya jina lako. Wasichana wanapenda sana hili, na mimi ni mmoja wao. Elfu mbili mpaka hosteli, bei haipandi usiku.

Sasa mabaya, maana yapo. Bia ni 500 zaidi ya baa za barabarani. Friji ni moja na haitoshi watu ishirini na sita. Malti zangu zote nilizinywa vuguvugu. Huduma ni ya polepole, kwa sababu kuuliza mtu mmoja mmoja kunachukua muda, na kama mna kiu ya kweli mtakasirika. Televisheni ni ndogo, mpira usiende kuangalia pale. Saa tano kamili muziki unazimwa, kuna siku ni katikati ya wimbo, na mama anaanza kupandisha viti juu ya meza huku umekaa. Wapo wenzangu waliosema ni kama kunywa nyumbani kwa shangazi. Wawili waliondoka saa mbili kwenda kutafuta raundi zao kwingine, na sikuwazuia, ni watu wazima.

Mimi bili yangu ilikuwa 13,500: chipsi, mishkaki minne, bia mbili za Kilimanjaro na malti mbili. Imeandikwa jina langu, nimelipa changu. Asubuhi yake niliamka saa mbili, nikafua. Jamaa wa "kama tulivyo" naye aliandika kwenye grupu saa tatu, anauliza nani ana chaja.

CR mwenzangu utakayekuja: peleka taarifa siku mbili kabla, mkizidi thelathini mama atakataa. Nenda na hela taslimu kidogo, mtandao pale chini unasumbua na kutuma kwa simu kunaweza kuchukua dakika kumi. Choo kiko nyuma ya jiko, ni kisafi, beba tishu yako. Swichi ya taa iko nje, mkono wa kulia, juu kidogo ya ulipozoea.