Fila za mbao kwenye boti ya kujiundia: ipi imeshika, ipi imeng'oka

Karibu kila kopo la fila ya mbao, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, limeandikwa kwamba haipitishi maji. Kwa mlango au fremu ya dirisha, sawa. Boti ina mambo mengine: mbao hunywa maji zikavimba, zikipigwa na jua hunywea, na kila zinapofanya hivyo fila inavutwa na kusukumwa pembezoni. Boti yangu ni ya plaiwudi juu ya mataruma (mbavu za boti) ya mbao laini, na kabla ya kufikia rangi nilikuwa na mashimo ya skrubu na makovu ya randa ya kuziba, tangu omo hadi tezi. Sikutaka kuamini lebo.

Nikakusanya mabaki ya plaiwudi ileile na mbao ileile. Nikayatoboa, nikayachimba kwa patasi, mengine nikayapasua kwenye ncha pale nyuzi zilipokatwa, halafu kila kipande kikapata fila yake. Vikaenda kwenye ndoo ya maji ya chumvi, vikaanikwa, vikarudi kwenye ndoo. Vichache nilivichemsha kwenye sufuria kuukuu. Gundi ya plaiwudi za boti nayo hupimwa kwa kuchemshwa, na sufuria hukufichulia upesi yale ambayo ndoo ingechukua miezi kuyaonyesha.

Naanza na fila ya maji, ile unayofungua kopo na kupaka moja kwa moja. Kuitumia ni raha: haina harufu kali, kisu unakiosha bombani, msasa unateleza juu yake. Kipande kilipotoka kwenye ndoo nilibonyeza kwa ukucha, ukazama, na ulipotoka ulikuwa umebeba fila chini yake. Ubaya wake ni kwamba ikikauka inarudi kuwa ngumu, kwa hiyo ukiikagua juani utaipa alama zote. Gundi nyeupe ya useremala iliyochanganywa na unga wa msumeno ni hadithi ileile. Rangi yake inaendana vizuri na mbao, lakini ikikaa majini inalainika.

Fila ya poliesta, ile mafundi wa bodi za magari wanayochanganya na kigandishi kutoka kwenye kijitubu, ndiyo niliyoitarajia zaidi. Inaganda kwa dakika chache, unapiga msasa siku hiyohiyo, na kabla ya kuona maji ilikuwa safi kuliko zote. Baada ya kulowekwa na kuanikwa ukatokea mstari mwembamba kuzunguka shimo. Nilichokonoa kwa ncha ya kisu ikatoka nzima, na nilipoigeuza mgongo wake ulikuwa msafi, hauna hata uzi mmoja wa mbao. Kwa maneno mengine, haikuvunjika. Haikuwa imeshika tangu mwanzo. Resini ya poliesta hunywea inapoganda na mshiko wake kwenye mbao ni dhaifu, na unga wa talki unaoinenepesha hunyonya unyevu. Sishangai wanaoisifia. Wengi wao wanaitazama siku ya rangi, si msimu wa pili majini.

Epoksi, resini inayoganda ikichanganywa na kigandishi chake, ikinenepeshwa kwa unga ndiyo iliyosimama. Ile iliyochemshwa niliishambulia kwa patasi, ikatoka shingo upande, na mgongoni vibanzi vya mbao vimeng'ang'ania. Hapo kilichoshindwa ni mbao, na zaidi ya hapo sina la kuidai fila.

Ila ukisema epoksi tu hujasema kitu, maana unga unaotia ndio unaoamua tabia yake. Silika huifanya ngumu na huizuia kutiririka hata kwenye ubavu uliosimama wima, lakini kuipiga msasa ni adhabu. Vitufe vidogo vyenye uwazi ndani, vya kioo au vya plastiki ya fenoli, huifanya nyepesi na rahisi kusawazisha, kwa gharama ya nguvu, hivyo usivitumie mahali patakapobeba skrubu. Unga laini wa mbao unafaa kona za ndani ambako ubao unakutana na ubao. West System, chapa ya epoksi za boti, huziuza unga hizi kwa namba: 406 ni silika, 407 na 410 ni za kusawazisha. Hiyo 410 msasa unaipenda sana, lakini watengenezaji wenyewe wanaonya usiiweke chini ya rangi nyeusi au nyingine ya giza, kwa kuwa joto la jua huidhuru. Mimi nimetumia silika kwenye mashimo ya skrubu na unga mwepesi kwenye makovu mapana.

Changanya resini na kigandishi kwanza, unga baadaye, mpaka ifikie uzito wa siagi ya karanga. Kipimo hakina mchezo. Kwenye poliesta ukizidisha kigandishi kidogo inawahi kuganda. Kwenye epoksi ukizidisha unapata kitu kisichokauka sawasawa. Ncha za mbao zipakwe epoksi tupu kwanza, la sivyo zitafyonza resini kutoka kwenye fila na kuiacha kavu. Na usiache mchanganyiko kwenye kikombe chenye kina: unajipasha moto wenyewe, unaweza hata kutoa moshi. Utandaze kwenye kibao bapa utapata muda zaidi.

Puti ya mafuta ya kitani na chaki niliijaribu pia. Kwenye plaiwudi sikuona kazi yake, inachelewa mno kukauka. Lakini mwenye boti ya mbao zilizopangwa kwa mishono na kutiwa kalafati (nyuzi za kuziba mishono) asinisikilize kuhusu epoksi. Mishono ile inatembea na inahitaji kitu laini. Ukiijaza kitu kigumu, mbao zikivimba zitakosa pa kwenda, na ama fila itapasuka ama kingo za mbao zitapondeka.

Malalamiko yangu kuhusu epoksi ni haya. Ni ghali kuliko zote nilizojaribu, na kila unapochanganya, kiasi fulani kinaishia kibaoni. Kukiwa na baridi inasuasua. Aina nyingi zikishaganda huacha utando kama nta juu, ambao lazima uusugue kwa maji kabla ya msasa, vinginevyo msasa unaziba na rangi inabanduka baadaye. Jua huiharibu, hivyo lazima ifunikwe kwa rangi au vanishi yenye kinga. Unga wa silika unapaa hewani ukiguswa tu, kwa hiyo barakoa ni ya lazima. Glavu vilevile, kwa kuwa kuna watu ambao ngozi yao huanza kuikataa epoksi baada ya kuizoea, na ikishaikataa haisamehi. Ikikudondokea mkononi tumia sabuni na maji. Thina huisaidia kupenya ngozini.