Matembezi ya Old Moshi na Maisha ya Bruno Gutmann: Huduma Nzuri Iliyoruka Miaka Miwili

Huduma ninayoitathmini hapa ni matembezi ya nusu siku yanayoandaliwa na kikundi cha vijana wa Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa ajili ya wageni na wenyeji wanaotaka kuyajua maisha ya Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri na mwandishi kutoka Ujerumani aliyefanya kazi Kidia, hukohuko Old Moshi, kwa jumla ya zaidi ya miaka ishirini, ambaye vitabu vyake kuhusu sheria, simulizi na mafundisho ya jando ya Wachagga bado husomwa na watafiti wa historia na mila. Ada kwa mkazi wa Tanzania ni shilingi 25,000, chakula cha mchana kikiwa ndani yake, na usafiri wa kutoka Moshi mjini hadi Kiboriloni hujilipia mwenyewe. Kwa bei hiyo sina malalamiko. Nilichonacho ni hoja kuhusu namna maisha ya mtu huyu yanavyosimuliwa, kwa kuwa simulizi ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa, na migomba na hewa safi ya mlimani kila mtu anaweza kuipata bila kulipa.

Mwongozaji wetu ni kijana mzaliwa wa hapo, anayezungumza Kimochi, lahaja ya Kichagga ya huko, na wazee na Kiswahili fasaha na wageni, na ambaye hapiti mbele ya nyumba ya mtu bila kubisha hodi na kutoa shikamoo. Tarehe anazozitoa ni sahihi. Anaeleza kwamba Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876, akasomea kazi ya misheni Leipzig, akafika Kilimanjaro mwaka 1902, akahudumu kwanza sehemu nyingine za mlima, ikiwemo Masama, kabla ya kuhamia Old Moshi mwaka 1910. Anaeleza pia, kwa ufupi unaofaa, kwamba misheni ya Leipzig ilikuwa imeanza kazi Machame mwaka 1893, kwa hiyo Gutmann hakuwa mtangulizi bali mtu wa kizazi cha pili aliyekuta njia imekwisha kufyekwa.

Sehemu bora kuliko zote ni saa moja na zaidi tunayokaa kwenye kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) cha mzee mmoja, chini ya migomba, kando ya mfongo, yaani mfereji wa jadi unaopitisha maji. Hapo mwongozaji anatulia na kumwachia mzee nafasi. Mzee anaeleza zamu za maji zilivyogawanywa, nani alikuwa na wajibu wa kusafisha mfongo, aliyekwepa kazi alitozwa nini, na jani la sale, mmea wa amani wa Wachagga, lilivyopelekwa kwa mtu uliyemkosea naye akashindwa kukataa kusamehe. Anaeleza pia desturi ya mwenye ng'ombe wengi kumpa mwenzake amtunzie, mtunzaji akapata maziwa na samadi, na ugomvi uliozuka mnyama alipokufa na mwenyewe akadai kuonyeshwa ushahidi. Haya ndiyo mambo ambayo Gutmann aliyakusanya katika kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1926 kikiwa na kurasa zaidi ya 700, na kumsikia mwenye kihamba akiyataja kama mambo ya nyumbani kwake kunamfanya msikilizaji aelewe ukubwa wa kazi ile kuliko hotuba yoyote. Mgeni mmoja katika kundi letu alipouliza kama Mzungu huyo aliandika kweli, mzee alimjibu: "Mwanangu, aliandika alichoambiwa na wazee wa huku. Angekaa Rombo, wa kule wangemwambia vingine." Jibu hilo lingefaa kuwa uti wa mgongo wa matembezi yote. Kwa bahati mbaya mwongozaji alilipokea kwa tabasamu akatuinua tuendelee na safari.

Hapo ndipo penye kasoro ya huduma hii. Kituo cha kwanza cha matembezi ni mahali panapokumbukwa kunyongwa na Wajerumani kwa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na mabaki ya boma la Wajerumani. Kituo cha mwisho ni kanisa la Kidia. Kila kimoja kinasimuliwa vizuri peke yake, kwa sauti tofauti: cha kwanza kwa uchungu, cha mwisho kwa shukrani. Lakini kati ya kunyongwa kwa Meli na kuwasili kwa Gutmann mlimani ni miaka miwili tu. Wazee waliomweleza mila zao walikuwa watu wazima wakati ule. Kama hawakuwapo penye mti wa kunyongea, basi walisikia habari kabla jua halijatua. Mtu anapokaa na kumweleza kijana wa Kijerumani jinsi baraza la wazee lilivyokata mashauri, ilhali serikali ya Wajerumani imekwisha kuwanyonga waliokuwa wakiyasimamia mabaraza hayo, maelezo yake yanabeba uzito mwingine kabisa: huenda anahifadhi, huenda anajitetea, huenda anachagua cha kusema na cha kuficha. Msikilizaji aliyelipa anastahili kuonyeshwa uhusiano huo badala ya kuachiwa aunganishe mwenyewe akiwa ndani ya daladala ya kurudi.

Kipeperushi cha kurasa nne kinachogawiwa mwanzoni kinaongeza tatizo, kwa kuwa kinamwita Gutmann mwokozi wa mila za Wachagga. Sifa hiyo imezidi kipimo. Ni kweli kwamba aliheshimu ukoo, ujirani na rika kuliko wamisionari wengi wa wakati wake, kwamba aliisimamia lugha ya wenyeji kanisani na shuleni, na kwamba alijaribu kulijenga kanisa juu ya misingi hiyo, hata vijana wa kipaimara wakafungamanishwa katika vikundi vidogo vya kusaidiana vilivyofuata mfano wa rika. Hata hivyo alikuwa pia mtu aliyeyaogopa maisha mapya ya fedha, miji na kila mtu kujitegemea, wakati Wachagga wenyewe walikuwa wakipanda kahawa na kuanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, chini ya Joseph Merinyo, naye ni mtu wa Old Moshi hiyohiyo. Wachagga wawili au watatu wa namna ya Merinyo wangetosha kuonyesha kwamba wenyeji hawakuwa wakingoja kuokolewa. Jina lake halimo katika kipeperushi.

Miaka ya 1920 hadi 1925 nayo inapitwa kwa sentensi moja. Waingereza walimfukuza Gutmann pamoja na Wajerumani wenzake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika kipindi hicho walimu wa Kichagga ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kuendesha sharika. Ningependa tusimame kanisani na kulizungumza jambo hili, kwa sababu linaeleza ni nani hasa aliyekuwa nguzo pale. Alirejea, akaendelea hadi mwaka 1938, mwaka ambao juzuu ya tatu na ya mwisho ya mafundisho ya jando ilichapishwa (ya kwanza ilitoka mwaka 1932), kisha akaondoka moja kwa moja. Vyuo vikuu vya Erlangen na Würzburg vilimpa udaktari wa heshima, cha kwanza kwa theolojia na cha pili kwa sheria. Alifariki mwaka 1966 huko Ehingen, Bavaria, Tanganyika ikiwa tayari ni nchi huru. Mwongozaji hakuifikisha simulizi yake hadi huko. Kwake maisha ya Gutmann yanaishia pale alipoliacha geti la misheni.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Mtori ulikuwa mzito na wa moto, nyama haikuwa ya kuhesabu, na mbege ililetwa kwa wanaoinywa bila kulazimishwa. Choo kilikuwa kisafi. Mwendo ni wa polepole, ila kipande cha kushuka kuelekea mfongo hakifai kwa mwenye magoti mabovu, na wakati wa masika kinateleza sana. Waandaaji wangewaambia watu mapema wavae viatu vyenye meno badala ya kuwapa fimbo wakiwa wamekwisha kufika. Malipo hupokelewa kwa simu au taslimu, na stakabadhi hutolewa.

Ninapendekeza huduma hii kwa walimu wa historia wa Moshi na Arusha wenye wanafunzi wa sekondari, kwa sharti kwamba waombe kihamba kiwe kituo cha mwisho badala ya kanisa, na wamwombe mzee, si mwongozaji, ajibu maswali ya mwisho. Nilipolitaja ombi hilo kwa waandaaji walisema linawezekana kwa kundi la kuanzia watu wanane, mradi wajulishwe siku mbili kabla, kwa kuwa mzee huyo Jumanne na Ijumaa hushuka sokoni.